Je, Wajua? Wafu wasiozikwa

Zamani, Wameru na Waembu wengi wa Kenya hawakuzika wafu wao. Mgonjwa mahututi alibebwa hadi porini kabla hajakata roho, maana kifo ndani ya nyumba kilileta unajisi. Maiti iliachiwa fisi.

Wamisionari Waanglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912. Walifundisha kwamba mwili utafufuka, kama Kristo alivyofufuka siku ya tatu. Maiti iliyoogopwa kuguswa ikawa ya kuombewa na kuzikwa, badiliko kubwa ajabu! Serikali ya kikoloni nayo iliagiza maziko.

Katika mafundisho hayo, ubatizo pia ni kama kaburi. Mtume Paulo afundisha kuwa mwamini huzikwa pamoja na Kristo, akiifia dhambi, kisha huinuka na uhai mpya. Waliobatizwa walipewa jina jipya.