Kwa nini tundu ndogo peke yake haitoshi

Wiki iliyopita finaliste mmoja wa fizike aliniuliza: «Mkubwa, rangi za ekra ya telefone wanazipanga namna gani bila zichanganyike?» Nikamjibu mbio: «Wanatoboa tundu ndogo sana, wanapitisha rangi humo.» Nilikosea. Leo ninarekebisha.

Ekra za OLED zina matabaka ya vitu vya organike, kila moja jembamba kuliko unywele mara elfu na zaidi. Kwa kawaida, kitu kinapashwa moto mahali pasipo hewa, mvuke wake unapita kwenye sahani ya chuma yenye matundu. Lakini sehemu kubwa inabaki kwenye ile sahani, na ni kitu cha bei kali.

Mwaka 2004, Max Shtein, Stephen Forrest na wenzao wa Princeton, Marekani, walitangaza njia ingine: gazi kama azoti inabeba mvuke, inautoa kwa mdomo mwembamba, unaganda kwenye kioo baridi. Hakuna wino, hakuna sahani.

Shida ya kwanza ni joto. Uliona mvuke wa sufuria ukikuta kifuniko baridi? Unageuka maji palepale. Basi mdomo ukipoa, kitu kinagandia ndani na kuziba tundu. Mdomo uwe moto, kioo kibakie baridi, na kati yao kuna umbali wa unywele hivi.

Shida ya pili ndiyo niliyoisahau. Gazi ikigonga kioo haina fasi ya kwenda, inakimbilia pembeni. Inabeba mvuke ambao haujatua, inaupeleka kwa rangi ya jirani. Nyekundu inaingia kwenye kijani. Hata upunguze tundu, gazi itapanuka tu.

Ndiyo maana wahandisi waliweka matundu ya kunyonya kandokando ya tundu la kutolea, halafu gazi safi inaingia kutoka nje na kuzuia mvuke usitoroke. Mstari unakuwa safi. Ila kuna bei: mvuke mwingine unanyonywa kabla ya kutua, na kazi inakwenda polepole. Ukipunguza kunyonya, unaokoa mvuke lakini unachafua mstari.

Mdogo wangu, jibu ndilo hilo. Ni ile kozi ya mwendo wa gazi tulisoma juu ya pointi tu: shinikizo, joto, umbali. Kama unatafuta sujeti ya memware, hesabu za mdomo huo unaweza kuzianza kwa ordinatere yako, hata bila labo.