Redio ikizimwa, mazungumzo yaanze nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, redio bado ina nafasi yake. Nyingine iko dirishani karibu na jiko, nyingine siku hizi imo ndani ya simu ya baba au mama. Asubuhi inaleta habari, jioni inaleta mjadala: bei ya kahawa, barabara ya kata, mirathi, vita vya Kagera, mila za Wahaya. Wasikilizaji wanapiga simu, wanapingana, wanacheka, muda unakwisha.

Pembeni yupo mtoto anayemenya ndizi. Amesikia yote, ameelewa nusu. Nusu iliyobaki haitamfikia kwa redio. Itamfikia iwapo kuna mtu mzima nyumbani wa kumweleza.

Sauti za karibu

Wazazi wengi wa leo walikua wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi. Leo Bukoba ina Kasibante FM na Radio Mbiu ya Jimbo Katoliki la Bukoba. Karagwe kuna redio ya FADECO, na Ngara kuna Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 wakati wilaya hiyo ikiwa imejaa wakimbizi.

Faida ya redio ya karibu ni kwamba anayezungumza anafahamika. Diwani anayebanwa kuhusu zahanati ni yule yule ambaye familia inakutana naye sokoni. Kwa mtoto, hilo ni somo la uraia ambalo ni vigumu kulipata darasani: kiongozi anaulizwa, na anatakiwa kujibu.

Kabla wazee hawajaondoka

Chukua mjadala wa vita. Shuleni mtoto anasoma kwamba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likabomolewa. Anasoma kwamba Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi vyote vipo, na kwamba Aprili 1979 Kampala ilitekwa.

Kitabu hakimwambii bibi yake alilala wapi siku zile, wala nani alibaki kulinda ng'ombe. Hakimwelezi kwa nini babu bado anasema "Ziwa Magharibi", jina la mkoa kabla haujaitwa Kagera. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa anakaribia 60. Waliokuwa watu wazima wanapungua kila mwaka, na wengi hawajawahi kuulizwa na wajukuu wao.

Yapo pia mambo ambayo wazazi wenyewe hawataki kuyasikia. Kila ifikapo Mei 21, inakumbukwa meli ya MV Bukoba, iliyozama mwaka 1996 karibu na Mwanza na kuua zaidi ya watu 800. Kuna nyumba ambako redio hupunguzwa sauti siku hiyo. Mtoto anayeliona hilo anastahili jibu fupi la kweli: nani alikuwemo melini, na kwa nini mama hanyamazi hivi siku nyingine. Mtoto asipoambiwa hujijibu mwenyewe, na mara nyingi anajijibu vibaya.

Kibanja na binti

Mjadala unaogusa familia kuliko yote ni wa kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwa mila iliyoandikwa rasmi mwaka 1963, mwanamke wa Kihaya aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza.

Mwaka 1988 mama mmoja mzee aliuza ardhi aliyorithi kwa wosia wa baba yake, kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza. Mpwa wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akitaka mauzo yafutwe. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inakiuka haki ya usawa iliyomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Hukumu hiyo inafundishwa vyuo vya sheria ndani na nje ya Tanzania, lakini msichana wa Kashasha anaweza kumaliza sekondari bila kuisikia. Redio ikizungumzia mirathi, baba akaguna na kubadilisha stesheni, binti ameshapata jibu lake. Heri aseme wazi anavyofikiri, naye binti apate nafasi ya kuuliza.

Lugha na uvumi

Kanuni za utangazaji nchini zinataka vipindi viwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Hata hivyo, maneno ya nyumbani hujipenyeza. Mkulima akilalamikia butura, yaani kuuza kahawa ikali bado mtini kwa bei ya kutupa, mtoto aliyezaliwa mjini haelewi. Neno moja kama hilo, likielezwa vizuri, linamfundisha Kihaya, uchumi na tahadhari kwa pamoja.

Redio ya karibu husaidia pia siku za hofu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba. Ulithibitishwa kuisha Juni 2, baada ya kuua watu sita. Nyakati kama hizo simu hujaa ujumbe usio na mwenyewe. Mtoto anayemwona mzazi akisubiri kauli ya mganga mkuu kabla ya kusambaza ujumbe anajifunza kwa kutazama.

Pa kuanzia

Mzazi hahitaji kuwa mwanahistoria. Achague kipindi kimoja kwa wiki, asikilize na watoto, kisha azime redio na kuuliza: umesikia neno gani ambalo hulijui? Nani umekubaliana naye, na kwa nini? Babu au bibi akiwa mbali, apigiwe simu mtoto akiwapo, aulizwe swali moja tu, na majibu yake yarekodiwe.

Kwa watoto wadogo, habari za vifo zielezwe kwa kifupi, bila picha za kutisha. Wakubwa waachwe wabishe kwa adabu. Na mzazi asiyejua jibu aseme hajui, kisha watafute pamoja mzee wa kuwajibu wangali naye.