Je, Wajua? Dirisha la Kioo Huanzia Ziwani

Magadi tunayotia kwenye sufuria ili maharage yaive upesi ni ndugu wa karibu wa kioo cha dirisha. Mchanga wa silika ukiwa peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700 za Selsiasi, na tanuri la kufikia huko ni ghali mno kuliendesha. Ukichanganywa na magadi yaliyosafishwa, unayeyuka kwa joto la chini zaidi. Chokaa nayo huongezwa kwa sababu kioo cha mchanga na magadi pekee kingeyeyuka majini. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kibiashara tangu kampuni ya Magadi Soda ianzishwe mwaka 1911, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa magadi duniani.

Kioo bapa cha siku hizi humiminwa kikiwa cha moto juu ya dimbwi la bati iliyoyeyuka, madini yaleyale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera. Kioo ni chepesi kuliko bati, basi kinaelea, kinatandaa na kunyooka pande zote mbili bila kusuguliwa. Alastair Pilkington wa Uingereza ndiye aliyeleta njia hiyo, ikatangazwa mwaka 1959. Tangu 2023 kioo cha namna hii kinatengenezwa Mkuranga, mkoani Pwani, katika kiwanda cha Sapphire Float Glass, hivyo kioo kinachofika Kilosa si lazima kiwe kimevuka bahari.

Kimamba, mji mdogo wa mkonge na reli ulio mashariki ya Kilosa, hauko kando ya ziwa. Hata hivyo, maji hayako mbali. Mto Mkondoa unashuka kutoka milimani, Ziwa Gombo liko upande wa magharibi, na masika hujaza maji kwenye tambarare ya Mkata. Anayekarabati nyumba katika nchi ya namna hii, awe anatazama bwawa, mto au ziwa, mara nyingi humwuliza fundi aluminiamu swali moja kwanza: kioo cha rangi gani? Mimi ningeanza na swali jingine: dirisha linatazama wapi?

Kimamba iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni hukaa upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, lakini nyakati zote mbili liko juu sana. Ndiyo maana dirisha la kaskazini au la kusini halisumbui: upenu wa kawaida unatosha kulitia kivuli mchana. Taabu iko mashariki na magharibi, hasa magharibi, ambako jua la saa kumi na moja jioni hupita chini ya upenu na kuingia mpaka kitandani, ukuta wenyewe ukiwa umekwisha kupata moto tangu mchana.

Maji yakiwa upande huo, jua huja mara mbili. Likiwa juu, maji matulivu hurudisha asilimia chache tu ya mwanga wake. Likikaribia kuzama, yanaweza kurudisha zaidi ya nusu, na mwanga huo huja kutoka chini, mahali ambapo hakuna upenu unaouzuia. Mwanga ukishapenya kioo hupasha joto sakafu na makochi, navyo hutoa joto la aina ambayo kioo hakiipitishi kurudi nje. Chumba kinageuka tanuri. Ukiwa na dirisha la magharibi linalotazama maji, panda mti, jenga baraza pana au weka mbao za kivuli upande wa nje. Pazia la ndani huzuia mwanga tu, joto likiwa limekwisha kuingia.

Kioo cheusi husaidia, ila si kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Kinanyonya joto, nacho chenyewe kinapata moto na kulitoa, sehemu yake ikiingia ndani. Kikiwa nusu juani na nusu kivulini kinaweza kupasuka bila kuguswa, kwa sababu upande mmoja unatanuka na mwingine haujatanuka. Kile kinachong'aa nje kama kioo cha kujitazamia kinarudisha joto vizuri zaidi, lakini kina tabia ambayo muuzaji anapaswa kukueleza. Humficha aliye upande wenye giza. Usiku, taa zikiwaka ndani na nje kukiwa giza, mpita njia anaiona familia yako yote sebuleni, nanyi hamumwoni. Pazia bado linahitajika.

Ukarabati wenyewe una adui ambaye ni wachache wanaomhesabu, naye ni saruji. Maji ya saruji yana ukali unaokula uso wa kioo, na doa likikaukia hapo kwa siku kadhaa halitoki tena. Madirisha yafungwe baada ya plasta, au yafunikwe kwa nailoni. Vioo vilivyolazwa vikigusana mahali penye unyevu navyo hutia weupe wa kudumu, kwani maji yaliyonaswa katikati huvuta magadi kutoka kwenye kioo. Chini ya fremu pawe na vitobo vya kutolea maji. Visipotobolewa, mvua ya Aprili hujaa kwenye reli ya dirisha na kumwagikia ukutani.

Halafu kuna mbu. Karibu na maji wavu ni lazima, na dirisha la kusukuma kando hufunguka nusu tu. Dirisha lenye bawaba hufunguka lote, na kwa joto la bonde la Kilosa ningelipa zaidi ili nilipate. Kuna ndege pia. Huona mbingu na miti ndani ya kioo, wakakigonga na kufa. Alama ndogondogo zilizobandikwa nje, zikipishana kama sentimita 5, huwaokoa.

Lakini jambo ninaloliwekea uzito kuliko yote ni namna kioo kinavyovunjika. Mtazame fundi akikata. Anapitisha kigurudumu chenye makali mara moja, kinatoa mlio mwembamba na kuacha mstari unaoonekana kwa shida. Anakiweka kioo ukingoni mwa meza, anabonyeza, kinaachana palepale kwenye mstari. Ufa mdogo wa juujuu ndio udhaifu wote wa kioo, jambo lililoelezwa na A. A. Griffith wa Uingereza kwenye andiko la mwaka 1921. Kioo cha temper hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupigwa upepo ghafla, uso wake ukabanwa kiasi kwamba ufa haupati nafasi ya kufunguka. Huwa na nguvu mara nne au zaidi, na kikishindwa humwagika chenga badala ya mapande ya kisu. Madirisha ya ubavuni mwa magari mengi ni hayo. Hakikatwi wala kutobolewa baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo vyote hutolewa kabla ya kuagiza.

Mlango wa kioo, dirisha linalofika sakafuni, na kioo cha bafuni visiwe vya kawaida hata siku moja. Mtoto anayekimbilia nje kutazama maji hasimami kuangalia kama mlango umefungwa. Mwambie fundi akuonyeshe mhuri wa temper kwenye pembe ya kila kioo cha aina hiyo, na usimalizie malipo mpaka umeuona kwa macho yako.