Setilaiti ndiyo inayoamua fidia ya ng'ombe wenu. Jifunze kuisoma mwenyewe hapo Diff

Diff ni mji mdogo ulioko Wajir Kusini, ukingoni kabisa mwa Kenya. Ukielekea mashariki kidogo tu, umeshaingia Somalia. Huku utajiri wa mtu huhesabiwa kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kiangazi kikizidi huhesabiwa mizoga. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa katika kaunti kame za nchi hii.

Sasa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana pale kisimani. Kama familia yenu imekatiwa bima ya mifugo, hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga ndipo mlipwe. Setilaiti ndiyo inayotazama malisho kutoka angani, na hesabu inayotokana na picha zake ndiyo inayosema kama fidia itatoka au la.

Bima ya aina hii ilianza Marsabit Januari 2010 chini ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kazi iliyoongozwa na mwanauchumi Mkenya Andrew Mude, ambaye 2016 alituzwa Tuzo ya Norman Borlaug kwa ajili yake. Wajir ilifikiwa 2013 kupitia kampuni ya Takaful, kwa utaratibu unaofuata sharia, na Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo. Mwaka 2015 serikali nayo ikaanzisha mpango wake, KLIP, ikianzia Wajir na Turkana.

Hesabu yenyewe si uchawi. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu huitwa NDVI. Mchanga mtupu hukaa karibu na 0.1, na kadiri majani yanavyozidi namba inapanda kuelekea 1.

Shida ni kwamba setilaiti huona kijani tu, haijui ni kijani cha nini. Mti wa mathenge unabaki na majani hata nyasi zikiwa zimekwisha, na ng'ombe hawezi kuishi kwa majani ya mathenge. Eneo lililovamiwa na mti huo laweza kuonekana lina afya angani huku mifugo ikianguka ardhini. Mzee akiuliza kwa nini hawakulipwa ilhali kila mtu aliona hali ilivyokuwa, ni vizuri pawe na kijana wa hapohapo anayeweza kufungua picha zilezile na kusema, "Baba, hivi ndivyo walivyotuona."

Na picha zenyewe ni za bure. NASA hutoa data iitwayo MOD13Q1 kutoka chombo cha MODIS: NDVI ya dunia nzima kila baada ya siku 16, kila pikseli ikiwa mita 250 kwa 250, tangu Februari 2000. Unahitaji tu akaunti ya Earthdata, isiyolipiwa. Dunia imekatwa vipande vipande, na Diff iko kwenye kipande h22v08. Usikosee hapo, maana mstari wa kugawa vipande unapita katikati ya Kaunti ya Wajir. Magharibi ya kaunti iko h21v08, na mji wa Garissa, ulio kusini mwa ikweta, uko h21v09.

Basi umepakua faili, unaifungua, inakataa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Faili hizi zimehifadhiwa kwa mtindo wa zamani uitwao HDF4. Maktaba inayozisoma ni GDAL, iliyoanzishwa 1998 na Frank Warmerdam wa Kanada, na ndiyo iliyo ndani ya QGIS na programu nyingi za ramani. (Maktaba hapa si jengo la vitabu. Ni mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huazima.) Ukiipata GDAL kupitia pakiti za haraka za Python, kama rasterio inayokuja na pip, mara nyingi draiva ya HDF4 imeachwa nje. Kwa hiyo kabla ya lolote, uliza mashine yako:

gdalinfo --formats | grep HDF4

Ikijibu kwamba ipo, usijisumbue, ruka hadi mwisho wa makala haya. Pakiti za Ubuntu na Debian huwa nayo. Lakini kama haipo, au unataka toleo jipya kuliko la mashine yako, itabidi uijenge mwenyewe kutoka msimbo chanzo.

Kukompaili ni kugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa lugha ya prosesa. Ni kama kununua ngano badala ya mkate: kazi ni zaidi, ila unachagua kitakachoingia. Na kwa sehemu zetu kuna faida nyingine. Milingoti ya simu Kaskazini Mashariki imelipuliwa mara kadhaa na al-Shabaab, na mlingoti ukianguka bando lako halina kazi. Msimbo ukishakuwa kwenye flashi, hauhitaji mtandao tena. Kwa hivyo ukiwa Wajir mjini au Habaswein penye mtandao mzuri, pakua kila kitu kwa mpigo: GDAL yenyewe, ambayo haifiki hata MB 20, pamoja na vitu inavyovitegemea, hasa PROJ na HDF4. Kwenye Ubuntu majina yake ni libproj-dev na libhdf4-alt-dev. Hiyo "-dev" ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo una maktaba lakini huna maelezo ambayo kompaila inayahitaji, na itakulalamikia kutwa nzima.

Kando ya faili ya GDAL utaona nyingine yenye mwisho wa md5. Itumie kuhakikisha faili imefika nzima, kwa sababu mtandao wetu unakatika. Lakini usidhani hiyo ni hirizi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya maktaba ya xz, na ulikuwa umewekwa kwenye faili rasmi yenyewe. Md5 inakuambia faili ni nzima. Kama ni njema, hilo ni swali lingine.

Fungua kifurushi, ingia ndani yake, kisha:

cmake -S . -B build -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/gdal -DGDAL_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS=OFF -DOGR_BUILD_OPTIONAL_DRIVERS=OFF -DGDAL_ENABLE_DRIVER_HDF4=ON

Maana yake: sakinisha kwenye folda yangu, usiguse mfumo, na acha draiva zisizo za lazima isipokuwa HDF4. Hili ni muhimu kwa laptopu kuukuu, kwani GDAL nzima ni kubwa na itakula muda. Soma muhtasari unaotokea mwishoni. Kama HDF4 haimo, simama hapo urekebishe. Ikiwemo, endelea:

cmake --build build -j2

Hiyo -j2 inamaanisha kazi mbili kwa wakati mmoja. Watu wa YouTube watakwambia -j8. Kwenye RAM ya GB 4 utaona neno "Killed", maana kumbukumbu imeisha. Ikitokea, shuka hadi -j1 na uende ukanywe chai.

Na betri ya sola ikiisha katikati je? Hakuna hasara kubwa. Umeme ukirudi, toa amri ileile; itaruka vilivyokamilika na kuendelea palipobaki. Mara mojamoja faili iliyokuwa ikiandikwa wakati wa kuzima huharibika. Ifute hiyo moja tu, si folda nzima.

Mwisho:

cmake --install build
export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/gdal/lib

Mstari wa pili ukisahaulika, programu itasema haioni libgdal, na utafikiri umeharibu kazi yote kumbe ni njia tu haijaonyeshwa. Sasa endesha $HOME/gdal/bin/gdalinfo kwenye faili yako ya h22v08. Itakuorodheshea tabaka zake, NDVI ikiwa mojawapo.

Namba utakazoziona ni kubwa ajabu, kama 2350. Zidisha kwa 0.0001 upate 0.235. Ukikuta -3000, hapo hakuna data kabisa. Tazama pia tabaka la ubora, maana wingu likipita juu ya Diff linaweza kushusha namba bila nyasi kukauka.

Pikseli moja ya siku moja haikuambii mengi. Bima yenyewe hulinganisha na miaka iliyopita. Anza na picha mbili: mwisho wa Mei 2020, baada ya mvua nzuri, na mwisho wa Mei 2022. Kisha waulize wazee ni wapi hasa walikokuwa wakilisha mwaka huo, na ni sehemu gani mathenge ilikuwa imeshafika.