Mapaa ya Asbesto na Hatari ya Kuyavunja

Asbesto ni jina la jamii ya madini ambayo, tofauti na mawe ya kawaida, hupasuka na kuwa nyuzinyuzi nyembamba zisizoungua wala kuoza, na kwa sifa hiyo viwanda vya karne ya 20 vilizichanganya na saruji kutengeneza mabamba ya kuezekea na mabomba ya maji, vikazitia pia katika breki, klachi na vizuia joto vya boila. Nchini Kenya mabamba hayo ya kijivu, yenye migongo kama ya mabati, yaliezekwa kwenye shule, hospitali na nyumba za watumishi wa serikali, na mengi yangali juu hadi leo.

Bamba likiwa zima, nyuzi hushikwa na saruji. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au kupondwa kwa nyundo, nyuzi hizo huachiliwa hewani, huvutwa pamoja na pumzi, na kwa kuwa mwili hauwezi kuziyeyusha kwa urahisi, nyingi hubaki mapafuni kwa miaka mingi. Huko huzaa asbestosisi, yaani makovu yanayoyakaza mapafu hadi mgonjwa akashindwa kupumua. Huzaa pia saratani ya mapafu, ambayo humwandama zaidi mvutaji sigara. Na huzaa mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au viungo vya tumbo. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, hivyo fundi aliyebomoa paa akiwa kijana huugua akiwa babu, wakati ambapo hakuna tena anayelikumbuka paa lile.

Wala si wafanyakazi pekee wanaodhurika. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma nchini Afrika Kusini, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya Cape, na baadhi hawakuwahi kuchimba bali waliishi tu karibu na migodi. Shirika la Afya Duniani linashikilia kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 za usimamizi wa taka ziliiweka asbesto miongoni mwa taka hatari, chini ya usimamizi wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi. Kazi ya kuiondoa hutaka mabamba yaloweshwe maji, yateremshwe yakiwa mazima, yafungwe kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Kwa mkazi wa Mweiga, mji ulioko Kieni katika kaunti ya Nyeri, mwenye paa la aina hii, jambo la kuangaliwa kwanza ni mifereji yake, kwa kuwa Kieni ni sehemu kavu ambako maji ya mvua hukingwa kwa hamu, na paa lililochakaa huacha nyuzi katika tope la mfereji, tope ambalo likikauka na kufagiwa hugeuka vumbi. Tope hilo lizolewe likiwa bichi. Kuvumwani juu ya paa isisuguliwe kwa brashi kavu, na vipande vya bamba visitumiwe kuezekea banda la kuku wala kujazia mashimo ya njia.

Hata hivyo, kumwachia mwenye nyumba gharama yote ni kumsukuma amwite kibarua mwenye nyundo. Na serikali, iliyoezeka mengi ya mapaa hayo, haina budi kuyateremsha kwa fedha zake, ikianzia madarasani.