Mwanao akitaka kusaidia shule za mbali, mfundishe kuuliza kwanza

Mtoto anarudi nyumbani na wazo jema. Yeye na wenzake wa chuo wanataka kukusanya madaftari, vitabu na mabegi wayapeleke kwenye shule za vijijini katika nchi nyingine. Mzazi anafurahi, anafungua kabati na kuanza kutoa vitabu vya zamani.

Kabla boksi halijafungwa, ni vizuri familia ikakaa chini na kuzungumza. Uzoefu wa vijana waliopita njia hiyo unaonyesha kuwa msaada unaweza kubadili maisha ya mtoto, lakini pia unaweza kuishia kwenye stoo ya shule ukiliwa na mchwa.

Penseli ya India

Mwaka 2005, Adam Braun, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, alisafiri kwa meli na wanafunzi wenzake kuzunguka nchi mbalimbali huku wakiendelea na masomo.

Wasafiri wengi hurudi na picha na zawadi. Braun aliamua kukusanya majibu ya watoto. Katika kila nchi alitafuta mtoto mmoja na kumuuliza: ungeambiwa uchague kitu chochote duniani, ungetaka nini zaidi? Alitarajia kusikia habari za televisheni kubwa au gari la kifahari.

Nchini India alimuuliza mvulana aliyekuwa akiomba mitaani. Mvulana huyo, ambaye hakuwahi kwenda shule, alijibu kuwa anataka penseli. Braun akampa ya kwake, na uso wa mtoto ukajaa furaha.

Tangu hapo, kila aliposafiri alibeba kalamu na penseli za kugawa. Lakini kadiri alivyozungumza na wazazi vijijini, aliona kuwa penseli haina kazi kubwa pale ambapo hakuna darasa wala mwalimu. Wazazi walichotaka ni watoto wao wasome.

Mwaka 2008, akikaribia kutimiza miaka 25, alifungua akaunti ya benki kwa dola 25 na kuanzisha shirika la Pencils of Promise. Shule ya kwanza ilijengwa Laos, na baadaye kazi hiyo ikafika Guatemala na Ghana. Mbali na majengo, shirika hilo hufundisha walimu na kushughulikia maji na usafi shuleni. Vijiji navyo huchangia ujenzi, ili shule iwe yao na si ya mfadhili.

Vitabu vilivyowafaa wachache

Kijana mwingine wa Marekani, Michael Kremer, alimaliza masomo yake Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1985, kisha akaja Kenya na kufundisha kwa mwaka mmoja katika eneo la Kakamega. Miaka ya 1990, akiwa tayari mchumi, alirudi kutembea.

Rafiki yake Mkenya alikuwa akifanya kazi na shirika la misaada lenye asili ya Uholanzi, na alikuwa na kazi ya kuchagua shule za kupewa sare, vitabu na misaada mingine. Kremer akamshauri jambo ambalo wafadhili wengi hawalifanyi: shule za kupata msaada zichaguliwe kama kwa bahati nasibu, halafu zilinganishwe na zile ambazo bado hazijapata. Hapo ndipo itajulikana msaada umefanya nini.

Huko Busia na Teso, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu angedhani alama zitapanda. Hazikupanda kwa wanafunzi wengi. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo.

Sababu si ngumu kwa mzazi wa Afrika Mashariki kuielewa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, wakati watoto wengi nyumbani walizungumza lugha za makabila yao na Kiswahili. Kiingereza kilikuwa lugha yao ya tatu. Kitabu kilikuwa juu ya dawati, lakini mtoto hakuweza kukisoma.

Minyoo na sare

Baadaye watafiti wakajaribu kitu ambacho mtu anayekusanya vifaa vya shule asingekifikiria: dawa ya minyoo. Katika shule 75 za Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopewa dawa. Mwaka 2015 wataalamu wengine walipitia hesabu hizo upya, ukazuka mjadala mkali kuhusu ukubwa wa baadhi ya faida. Ikumbukwe pia kuwa watafiti wenyewe walieleza kuwa alama za mitihani hazikupanda.

Hata hivyo, madhara ya minyoo na kichocho yanafahamika. Baadhi ya minyoo hunyonya damu, mtoto akapungukiwa damu, akachoka haraka na kuumwa tumbo mara kwa mara. Kichocho huweza kumfanya akojoe damu. Mtoto wa namna hiyo hata umpe begi jipya, siku nyingi atabaki nyumbani au atasinzia darasani.

Kifaa kingine kilichoonyesha nguvu ni sare. Katika utafiti uliohusisha shule 328 za magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi katika baadhi ya shule walipewa sare bure, mbili kwa nyakati tofauti. Wasichana walioacha shule walipungua, na mimba na ndoa za utotoni zikapungua pia. Kwa familia maskini, bei ya sare inatosha kumrudisha binti nyumbani, na binti akishakaa nyumbani, mambo mengine hufuata.

Mwaka 2019, Kremer na wenzake Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hiyo ya kupima kinachosaidia maskini.

Mzazi afanye nini?

Usimkatishe tamaa mwanao. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kijana anayewafikiria watoto asiowajua amelelewa vizuri. Msaidie kwa haya:

Awasiliane na shule kabla ya kukusanya. Mwalimu mkuu na kamati ya shule ndio wanaojua kama kinachokosekana ni madaftari, madawati, sare au ndoo za maji ya kunawa.

Aulize lugha na mtaala. Kitabu cha historia ya nchi nyingine, au cha lugha ambayo watoto hawajaifahamu, ni mzigo kwa anayepokea.

Apige hesabu ya usafiri. Kusafirisha maboksi nje ya nchi kuna gharama, na bandarini huenda kukawa na ushuru. Mara nyingi fedha hiyo ingenunua madaftari mengi zaidi kwenye duka lililo karibu na shule, na mwenye duka naye akapata riziki.

Asitume dawa. Dawa za minyoo na kichocho hutolewa kupitia mamlaka za afya, kwa kipimo kinachomfaa mtoto.

Arudi kuuliza. Baada ya muhula mmoja, ajue vifaa vinatumika au vimefungiwa stoo.

Kuna la kufanya nyumbani pia. Siku ya kingatiba inapotangazwa shuleni kwa mwanao, hakikisha amekula kabla ya kumeza dawa, na usimfiche kwa sababu ya uvumi wa mitaani. Mfundishe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na avae viatu.

Mvulana yule wa India alipata penseli kwa sababu mtu alisimama akamuuliza anataka nini. Kama angepewa kitu bila kuulizwa, pengine angepewa pipi. Kabla mwanao hajaanza kufunga boksi, mwambie apige simu shuleni kwanza.