Macho ya Ng'ombe Yatokayo Machozi

Ng'ombe akifumba jicho moja juani, machozi yakimtiririka shavuni, mfugaji asiseme ni vumbi tu. Huenda ni ugonjwa uletwao na kijidudu kiitwacho Moraxella bovis, ambacho nzi hukichukua toka jicho la mmoja hata la mwenzake. Baada ya siku chache jicho hufanya ukungu mweupe, kisha kidonda. Kidonda kikitoboka, jicho limekwisha. Ndama ndio waumiao zaidi.

Dawa ipo: oksitetrasiklini ile idumuyo mwilini, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa sindano ya msulini, na pengine ya pili baada ya saa 72. Mganga wa mifugo ndiye apimaye. Maziwa ya siku zile watoto wasiyanywe, wala yasiuzwe, mpaka upite muda ulioandikwa juu ya chupa.

Lakini jihadharini na matone yenye kotizoni! Wekundu hupungua upesi, mwenye ng'ombe akafurahi, kumbe kidonda kinazidi kwenda chini. Chumvi na tumbaku, ambazo wengine hutia machoni, ni mateso matupu. Mgonjwa atengwe kivulini, na samadi iondolewe karibu na zizi, maana ndimo nzi wazaliwamo.